Kanuni za mwonekano wa majengo: kijiji cha pwani kianzie wapi?

Vijiji vingi vya pwani huanza kuzungumzia mwonekano wa majengo baada ya ukuta mrefu kuziba njia ya kwenda baharini. Hapo maneno huwa mengi na msaada huwa mdogo, kwa sababu aliyejenga huuliza swali moja tu: kanuni niliyovunja imeandikwa wapi?

Katika makala haya tunaeleza kanuni hizo ni nini, sehemu nyingine zimefanya nini na zimepata nini, mambo gani yafaa kuandikwa, na hatua za kuzipitisha kisheria. Tumeandika zaidi kwa kuangalia Tanzania Bara, ambako kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Walioko Kenya na Zanzibar tumewawekea maelezo yao kuelekea mwisho.

Kanuni hizi zinahusu nini

Jengo lina mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni uimara: msingi, nondo, kenchi. Hilo ni la fundi na mhandisi. La pili ni matumizi ya ardhi: wapi pawe makazi, wapi shamba, wapi hoteli. Hilo huwekwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. La tatu ni mwonekano: jengo liwe refu kiasi gani, likae umbali gani kutoka baharini na kutoka kwa jirani, paa liwe la namna gani, uzio uweje, taa na mabango yaweje.

Wapo wanaoona hili la tatu ni anasa, jambo la kupendezesha watalii. Tukilitazama vizuri tunaona sivyo. Jengo refu ufukweni huzuia upepo wa baharini usifike kwenye nyumba zilizo nyuma. Uzio mrefu hubadilisha njia ya wavuvi. Paa za makuti zilizobanana huhamisha moto kutoka nyumba hadi nyumba. Mwonekano wa kijiji unatokana na namna watu wanavyoishi ndani yake, na ukibadilika ovyo, maisha nayo hubadilika.

Lamu: kanuni zilizotokana na nyumba zilizokuwapo

Mfano wa karibu ni mji wa kale wa Lamu, nchini Kenya. Nyumba zake za mawe zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upande wa nje ukuta ni mtupu, hauna madoido mengi. Mlangoni pana daka, ambapo mgeni huketi kabla ya kukaribishwa. Ndani kuna uwanja wazi unaoleta hewa na mwanga, na kutani kuna zidaka. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa vyumba: kwa kuwa haiwezi kubeba dari pana, vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu.

Mji huo ulitangazwa kuwa eneo la urithi la taifa mwaka 1986, na mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakafungua ofisi ya uhifadhi palepale Lamu. Mwaka 1991 ikaundwa tume ya mipango ya mji. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, waliopanga walianza kwa kuzisoma nyumba zilizopo: zinafanyaje kazi, kwa nini ziko hivyo. Hawakuanza na picha ya kijiji cha kwingineko. Pili, waliweka ofisi karibu na watu. Fundi anayetaka kuuliza kama dirisha fulani linaruhusiwa hana haja ya kusafiri hadi mji mkuu.

Lakini Lamu inatuonyesha pia tatizo. Matumbawe na mikoko, ambavyo ndivyo vilivyoupa mji sura yake, leo havichukuliwi kiholela. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu walikuwa miongoni mwa walioguswa. Kanuni inayomtaka mtu ajenge kwa boriti, huku sheria nyingine ikimkataza kuzipata, humweka pabaya.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: andikeni mwonekano, msiandike malighafi. Sema "ukuta upigwe lipu na kupakwa rangi nyeupe ya chokaa", usiseme "ukuta uwe wa matumbawe". Nyumba ya tofali za saruji iliyopigwa lipu inaweza kukaa vizuri kando ya nyumba ya kale, na mwamba wa baharini ukabaki mahali pake kuwa makazi ya samaki. Kwa Tanzania Bara mikoko yote iko katika hifadhi ya serikali na haikatwi bila kibali. Kanuni ya kijiji isiwe sababu ya kuikata.

Seaside: kanuni za karatasi moja

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini ndio unaotajwa sana na wasanifu wa majengo kwa sababu ya ufupi wake. Mwaka 1981, katika jimbo la Florida nchini Marekani, Robert Davis alianza kujenga kijiji cha ufukweni kiitwacho Seaside katika ardhi ya ekari 80. Wasanifu wake, Andrés Duany na Elizabeth Plater-Zyberk, waliandika kanuni za ujenzi zilizoenea kwenye karatasi moja kubwa, zikiwa na michoro.

Karatasi hiyo haikuchora nyumba ya mtu. Ilisema nyumba iwe na kibaraza mbele, iwe na uzio mfupi wa mbao, na ikae umbali fulani kutoka barabarani. Uani ziachwe mimea ya asili ya mahali pale badala ya kupandwa nyasi za kukatwa. Paa nyingi za kijiji hicho ni za mabati, na hakuna anayeziona ni za kimaskini. Ndani ya mipaka hiyo kila mwenye kiwanja alijenga alivyotaka. Nyumba zake hazifanani, ila zinaelewana.

Majengo ya kijiji hicho yaliwekwa nyuma ya vilima vya mchanga vya ufukweni. Mwaka 1995 kimbunga Opal kilipopiga pwani hiyo, Seaside kilipata madhara madogo.

Ila kuna upande wa pili. Kijiji kilichokusudiwa kuwa cha nyumba za kawaida za mapumziko kilipendwa mno. Bei zikapanda, na leo nyumba huko huuzwa kwa mamilioni ya dola. Mtu wa kipato cha kawaida hawezi kuishi katika kijiji kilichosifiwa kwa ukawaida wake. Huko ni Marekani na ardhi ilikuwa mali ya mtu mmoja tangu mwanzo. Kwetu kijiji kina wenyewe, waliozikwa na wanaozaliwa hapo. Ndiyo maana tunasema suala la gharama lisiachwe mwisho. Tutalirudia.

Mambo manane ya kuandika

Kanuni nzuri ni ile ambayo watu wawili wasioelewana wanaweza kwenda nayo kiwanjani na kamba ya kupimia, wakarudi na jibu moja. Maneno kama "jengo lipendeze" au "liendane na mila" hayapimiki. Mwenye nguvu ndiye atakayeyafasiri. Vipimo tunavyovitaja hapa ni mifano, isipokuwa pale tunapotaja sheria.

1. Urefu. Andikeni kwa mita, na mseme mnapima kutoka ardhi ya asili kabla ya kumwaga kifusi. Neno "ghorofa moja" peke yake halitoshi, maana ghorofa huweza kupandishwa. Kisiwani Bali, Indonesia, kikomo kinachojulikana sana ni mita 15, na watu hukieleza kuwa ni urefu wa mnazi. Mfano wa mnazi hukumbukwa na kila mtu, lakini minazi haifanani. Mita ndizo zitakazowasaidia siku ya ugomvi.

2. Umbali kutoka baharini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Kijiji hakiwezi kupunguza umbali huo, ila kinaweza kuomba zaidi pale ambapo bahari inakula nchi. Wekeni alama ambazo kila mtu anaziona, na andikeni kwamba mchanga na mimea iliyo mbele ya alama isiondolewe. Mchanga wa ufukweni pia haufai kwa zege: chumvi yake huozesha nondo.

3. Njia na maeneo ya wote. Orodhesheni kila njia ya kwenda baharini kwa jina lake, upana wake, na mahali inapoanzia na kuishia. Fanyeni vivyo hivyo kwa diko, mahali pa kupandisha ngalawa, pa kuanika dagaa, visima na makaburi. Njia isiyo na jina kwenye karatasi ndiyo hupotea kwanza.

4. Uzio. Amueni urefu wa sehemu iliyozibwa kabisa, kwa mfano mita moja na nusu. Juu ya hapo, mwenye kutaka zaidi aweke fito, mbao zilizoachana au mimea, ili upepo upite. Mwenye kiwanja apate faragha yake, jirani naye apate hewa.

5. Paa. Tajeni aina zinazokubalika na mwinamo wake. Makuti yanahitaji mwinamo mkali ili maji yateremke haraka, la sivyo huoza. Kama mnayaruhusu, wekeni umbali kati ya paa moja na jingine kwa sababu ya moto, na jiko la kuni au mkaa liwe mbali. Mabati msiyakatae kwa kuwa ni mabati. Mkisumbuliwa na mng'aro, semeni yawe ya rangi isiyong'aa, na upenu utoke vya kutosha kuukinga ukuta na mvua na jua.

6. Kuta na rangi. Rangi tatu au nne zinatosha: nyeupe ya chokaa, rangi ya mchanga, rangi ya udongo. Kanuni iishie upande unaoonekana kutoka njiani. Ndani ya nyumba ni kwa mwenyewe.

7. Taa na mabango. Taa za nje zielekezwe chini na zisimulike baharini. Mwanga wa ufukweni huwapotosha kasa wanaopanda kutaga na watoto wao wanaotafuta maji baada ya kuanguliwa. Mabango yawe na ukubwa wa mwisho, na yasisimame juu ya paa.

8. Miti. Mnazi, mkungu na mwembe ni sehemu ya mwonekano kuliko hata rangi ya ukuta. Andikeni ni miti ipi haikatwi bila kuuliza kijiji, na anayekata apande mingapi.

Kanuni zikizidi ukurasa mmoja au miwili, hazitasomwa. Chora picha rahisi kando ya kila moja. Fundi anayejenga huangalia mchoro kabla ya kusoma maneno.

Hatua za kuzipitisha

Makubaliano ya barazani yana heshima yake, lakini hayatasimama mbele ya mtu mwenye wakili. Kwa vijiji vya Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwendo wake ni huu:

Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu. Ni busara kabla ya hapo kuunda kamati ndogo yenye fundi ujenzi, mvuvi, mwanamke anayetumia ufukwe kwa kazi yake, mwenye nyumba ya wageni na kijana anayetarajia kujenga.

Rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Isomwe kifungu kwa kifungu, na maoni yaandikwe kwenye muhtasari. Orodha ya mahudhurio ihifadhiwe.

Halmashauri ya kijiji inazingatia maoni hayo, inarekebisha na kuipitisha. Kisha inaituma halmashauri ya wilaya, kwa kawaida kupitia kata. Haianzi kutumika mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Afisa ardhi, afisa mipango miji na mwanasheria wa halmashauri wanaweza kusaidia kabla ya hapo, hasa kuhakikisha rasimu haipingani na sheria ya nchi. Mkiwaona mapema mtaokoa miezi.

Ikiwa eneo lenu limeshatangazwa kuwa la mipango miji, vibali vya ujenzi hutolewa na halmashauri ya wilaya au ya mji. Hapo kazi yenu ni kuomba masharti yenu yaingizwe kwenye mpango wa eneo hilo.

Jambo jingine ni wakati. Mgeni asiye raia hamilikishwi ardhi ya kijiji. Ardhi hiyo huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa uhamisho huo. Ombi likifika kabla kanuni hazijaandikwa, mtajadili kiasi cha fidia na ajira, na mwonekano utasahauliwa. Kanuni ziwe mezani kabla ya mwekezaji kuketi.

Nani atasimamia

Kanuni huvunjika zaidi pale zinapombana mdogo na kumwacha mkubwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa na mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo ujenzi wa hoteli katika jengo la kihistoria la Mambo Msiige, karibu na bahari, ulizua mvutano mrefu na Kamati ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya sehemu mpya iliyoongezwa. Ikiwa sehemu yenye mamlaka, mpango na macho ya dunia ilipata mtihani huo, kijiji kidogo kijiandae.

Tunapendekeza utaratibu mfupi. Anayetaka kujenga alete mchoro, hata uliochorwa kwa mkono. Kamati ijibu kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, tuseme 14. Ikikataa, itaje namba ya kanuni iliyovunjwa. Ikikaa kimya, mwombaji awe na haki ya kwenda halmashauri ya kijiji. Mjumbe mwenye maslahi katika kiwanja hicho atoke kwenye kikao. Malipo yoyote yawe na stakabadhi. Na orodha ya maombi na majibu ibandikwe ofisi ya kijiji, ili kila mtu aone kama hoteli imepimwa kwa kamba ileile aliyopimiwa yeye.

Nyumba ya bei ndogo iweze kujengwa

Kabla ya kupitisha rasimu, fanyeni hesabu moja. Mwambieni fundi wa kijijini akadirie nyumba ndogo kabisa inayokubalika chini ya kanuni zenu: vyumba viwili, paa, lipu, rangi. Kisha mlinganishe na nyumba ambayo mtu wa kawaida hapo kijijini anajenga sasa. Tofauti ikiwa kubwa, punguzeni masharti. Kanuni ambayo mvuvi hawezi kuitimiza itamlazimisha auze kiwanja kwa yule anayeweza, na baada ya miaka michache kijiji kitakuwa kizuri bila wanakijiji.

Zipo njia za kukwepa hilo. Nyumba zilizopo ziachwe kama zilivyo mpaka zitakapojengwa upya. Anayejenga kidogo kidogo, kama wengi wetu tunavyojenga, apewe muda wa lipu na rangi. Masharti yanayogharimu, kama vile ya paa, yawe makali kwa majengo ya biashara yaliyo mbele ya ufukwe na mepesi kwa makazi ya nyuma. Vitu visivyogharimu, kama urefu, umbali na njia, viwe sawa kwa wote.

Kwa Kenya na Zanzibar

Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeweka kazi ya kutoa idhini ya ujenzi na kuandaa mipango ya maeneo kwa serikali za kaunti, na wananchi wana haki ya kushirikishwa. Katiba nayo inaitaja ardhi iliyo kati ya maji makuu na maji madogo kuwa ardhi ya umma. Kijiji kitaanza kwa kupeleka mapendekezo yake kwa maandishi katika ofisi ya mipango ya kaunti, nakala kwa mwakilishi wa wadi.

Zanzibar ina sheria zake za mipango na mazingira, na kifungu cha mita 60 tulichokitaja si chake. Hatua ya kwanza huko ni kuonana na sheha, kisha halmashauri au baraza la mji la eneo lenu.

Kwa wote, kazi ya kuanza nayo haihitaji fedha wala mtaalamu. Tembeeni ufukweni watu wachache, wazee wakiwamo, muandike majina ya njia zote na kupima upana wa kila moja. Daftari hilo mliwasilishe kwenye mkutano mkuu unaofuata.